Bingwa wa Mwewe

Jumamosi, tarehe 9 Agosti 2025, hapa Voi, wanaume wazima wenye wake, watoto na shinikizo la damu walikusanyika chini ya hema mbili kuadhimisha gemu walizocheza utotoni. Nilikuwepo. Niliketi safu ya mbele, kwa sababu televisheni iliyotumika ilikuwa yangu, na kwa sababu mgombea aliyekuwa karibu kuaibika alikuwa mwanangu.

Mwanangu ni Morris. Yeye na wenzake wana kundi la WhatsApp liitwalo Wazee wa Pedi. Pedi ni kile kidude chenye vitufe ambacho mchezaji wa gemu hukishika kwa mikono miwili. Hakuna hata mmoja wao aliyefika miaka hamsini, lakini ukiwasikiliza jioni wakiwa nje ya duka la vipuri la Hanif, utadhani wamerudi kutoka vitani.

"Gemu za siku hizi zina damu nyingi mno," Hanif husema. "Sisi tulikuwa tukiuana kwa heshima. Ukimpiga mtu anapepesa kidogo kama taa, kisha anatoweka. Hakuna maiti, hakuna uchafu."

"Na hatukuwa tukikodolea skrini mchana kutwa kama hawa watoto wetu," Morris humjibu, huku macho yake yakiwa kwenye simu.

Siku moja nilipita nikawauliza, "Nyinyi mlikuwa mkikodolea nini?"

"Televisheni, Mama. Hiyo ni tofauti."

Sisemi kwamba hawana haki ya kukumbuka. Marehemu Mwinyihaji, babake Hanif, alikuwa na chumba kimoja nyuma ya nyumba yake, karibu na reli, na ndani yake mlikuwa na televisheni yenye mgongo mrefu na mashine moja ya gemu. Treni ya mizigo ilipopita, picha ilitikisika, na aliyekuwa akishindwa alidai mchezo urudiwe. Kanda ya gemu ilipogoma, ilichomolewa ikapulizwa, na Hanif anaamini hadi leo kwamba mji mzima haukuwa na pumzi kama yake. Adapta ilipopata moto, ilifunikwa kitambaa kibichi, jambo ambalo lingeweza kuwaua wote, nao hulisimulia kama ushahidi wa malezi mema. Adhana ya alasiri iliposikika, Mwinyihaji alizima televisheni lakini akaiacha mashine ikiwaka. Watoto Waislamu walikwenda msikitini, na wale wa kwetu, Wakristo, walibaki wakilinda skrini nyeusi kwa uaminifu hadi wenzao waliporudi. Hapo mimi huguswa, ingawa siku zile nilikijua chumba hicho kwa mlango wake tu, nikisimama pale na ufito mkononi nikiita jina la mwanangu.

Katika kumbukumbu zote hizo, kubwa zaidi ilikuwa ya Morris. Kulikuwa na gemu ya mpiganaji aliyetembea na mwewe. Mpiganaji alipiga ngumi chini, na mwewe aliruka juu ya bega lake akiwashukia maadui kichwani. Morris alikuwa na umri wa miaka sita. Binamu yake Stephen, mtoto wa dada yangu mkubwa, ambaye tulimlea nyumbani kwetu, alimwendesha mpiganaji. Morris alimwendesha mwewe. Wawili hao ndio waliokuwa wa kwanza kumaliza hatua ya mwisho katika chumba cha Mwinyihaji. Walibebwa mabegani hadi stesheni.

Hadithi hiyo ilikua pamoja na mwanangu. Alipoomba kazi, aliisimulia. Alipokwenda kuposa kule Bura, aliisimulia kwa wakwe, nao wakauliza kwa upole kama huyo mwewe anafugwa. Na mwaka huu, alipoamua kugombea uenyekiti wa kamati ya maji ya mtaa wetu, aliifanya kuwa kampeni yake yote. Alichapisha tisheti zenye picha ya mwewe. Jirani yangu Ndunge aliikunjua yake, akaitazama, akasema, "Huyu ni kuku."

"Ni mwewe, mama Ndunge," Morris akamwambia.

"Basi ni vibaya zaidi. Mwewe ndiye aliyemaliza vifaranga vyangu."

Mwenyekiti aliyekuwa madarakani ni Bwana Valentine, mwenye biashara ya kukodisha hema. Miaka mitatu iliyopita alitujengea kioski cha maji kando ya uwanja wa kanisa, chenye mfereji mmoja unaong'aa. Siku ya uzinduzi alikata utepe, akafungua mfereji, na maji yakatoka kwa muda wote wa hotuba yake. Hotuba ilipokwisha, maji nayo yakaisha. Tangu siku hiyo hayajatoka tena. Hata hivyo sisi wanawake tukipita pale huufungua ule mfereji, tukasubiri kidogo, tukaufunga vizuri ili tusipoteze maji.

Swali la nani atuongoze, basi, halikuwa dogo. Ndoo zetu bado zinatoka mbali. Morris aliutaka uenyekiti kwa moyo safi, namjua. Lakini alipoulizwa atayaleta maji kwa njia gani, alijibu, "Mimi tangu utotoni najua kubonyeza kitufe sahihi kwa wakati sahihi," na Wazee wa Pedi wakapiga makofi.

Kwa kuwa hema zilikuwa zimeshalipiwa, ilikubaliwa kwamba Siku ya Kumbukumbu ya Wazee wa Pedi na uchaguzi wa kamati vifanyike pamoja, katika uwanja wa kanisa, chini ya hema zilezile. Viti vilichukuliwa kutoka darasa letu la ngumbaru, kwa hiyo wiki hiyo hatukusoma. Mgeni rasmi alikuwa Bwana Valentine mwenyewe, kwa maana hema ni zake, na mtu hawezi kumwalika mwenye hema akamketisha nyuma.

Ijumaa jioni, Stephen aliwasili kutoka Taveta akiwa na mkungu wa ndizi begani. Sasa yeye ni mkulima, mtu mnene, mcheshi. Nilimpa chai jikoni.

"Mama mdogo," akasema, "eti Morris ataisimulia ile hadithi ya mwewe mbele ya watu?"

"Ataisimulia, na mtaicheza. Hanif bado anayo mashine ya babake. Kila kitu kimo sandukuni, tangu mzee alipokifunga."

Stephen alicheka hadi chai ikampalia. Nilimpiga mgongoni.

"Nini cha kuchekesha?"

"Mama mdogo, mwewe alikuwa akiruka mwenyewe. Ndivyo gemu ilivyotengenezwa. Haikuwa na mchezaji wa pili."

"Na pedi ya Morris?"

"Waya wake ulitafunwa na mbuzi wa Mwinyihaji. Wewe ulisema nisiende kucheza bila kumchukua mtoto, naye mtoto alikuwa akilia anataka kucheza. Nikampa ile mbovu. Ncha ya waya niliifunga kwa kamba ya katani kwenye mguu wa meza, nyuma ya televisheni, ili akivuta ahisi umeshika."

Mtoto wangu alikuwa amebebwa hadi stesheni.

"Ukamwacha aamini hivyo mpaka leo?"

"Nilitaka kumwambia alipofika darasa la nne. Halafu akapata tuzo ya nidhamu, akasema ni kwa sababu ya mwewe. Ningeanzia wapi?"

"Utamwambia usiku huu."

"Mimi? Wewe ndiye mama yake." Akachukua ndizi, akaimenya polepole, kama mtu aliyeutua mzigo wake mgongoni mwa mwingine.

Asubuhi nilimkuta Morris mbele ya kioo akiwa na fulana ya ndani, akifanya mazoezi ya kuinua mkono.

"Morris, mwanangu, kuhusu ile pedi yako."

"Hanif ameihifadhi, Mama! Ileile! Nitaishika mbele ya watu."

"Ndilo ninalotaka kukwambia. Usiishike."

Alinigeukia, akanitazama kwa huruma ambayo watoto huwatazama nayo wazazi wao. "Mama, usiogope. Umeme wake ni mdogo, hauwezi kunirusha." Akanibusu kwenye paji la uso, akavaa tisheti ya kuku, akaondoka. Nilibaki na maneno yangu mdomoni. Nakiri kwamba ningeweza kumkimbilia, lakini uso wake ulikuwa na furaha ambayo sikuwa nimeiona tangu siku ile ya stesheni.

Sherehe ilianza kwa kuchelewa, ikaendelea kwa kuchelewa. Padri aliomba, ustadhi akaomba, kila mmoja akimwachia mwenzake nafasi kwa adabu hadi muda ukaisha. Hanif, aliyekuwa mshereheshaji, alisema kwamba itifaki imezingatiwa, kisha akaanza kuizingatia upya, mtu baada ya mtu. Kulikuwa na dakika ya kimya kwa ajili ya kanda zote zilizopotea. Mwanamume mmoja mwenye kitambi alisimama akasimulia jinsi alivyokuwa akipanga matofali yanayoanguka kwenye kigemu cha mkononi, na jinsi tofali refu lilivyokuwa haliji unapolihitaji. Sauti ilimkatika. Mkewe alimpelekea leso, lakini niliona anajizuia kucheka.

Kisha lilifunuliwa sanduku. Lilikuwa mezani, juu ya kitambaa cheupe, katikati ya mishumaa miwili ambayo sikuelewa ni ya nini. Hanif alitoa mashine, akaipuliza ile kanda kwa pumzi yake mashuhuri, akachomeka waya kwenye televisheni yangu yenye mgongo. Jenereta ikaunguruma. Picha ikatokea! Hata mimi nilishangilia. Mpiganaji alisimama palepale na mwewe begani, kana kwamba walikuwa wakitusubiri.

Hanif alitoa pedi mbili zilizokuwa zimefungwa katika kanga kuukuu. Moja akampa Stephen, naye Stephen akauchomeka waya wake. Ya pili akamkabidhi Morris kwa mikono miwili, kama mtu anayekabidhi mtoto kwa ubatizo.

"Ndugu zangu," Morris akasema kwenye kipaza sauti, "mtaona sasa maana ya uongozi. Kiongozi haonekani chini pamoja na ngumi. Kiongozi yuko juu, anaona, anashuka panapohitajika."

Wakaanza. Stephen alicheza kimya, hakunitazama. Morris alibonyeza kwa vidole vyote, akainama kushoto, akainama kulia, jasho likamtiririka. Mwewe alishuka, akapiga, akapaa. Watu walipiga vigelegele. Wazee wa Pedi waliimba, "Mwewe! Mwewe!" Nami, Mungu anisamehe, nilianza kuomba kimoyomoyo kwamba Stephen awe amekosea.

Ndunge alikuwa amekaa upande wa jenereta, mahali ambapo mtu aliona nyuma ya meza.

"Hanif, mwanangu," akaita, "huo waya mwingine mbona hauingii?"

"Unaingia, mama."

"Wapi?"

Hanif akatazama. Nasi sote tukatazama. Waya wa pedi ya Morris ulining'inia kutoka mkononi mwake, ukapita ukingo wa meza, ukaishia hewani. Kwenye ncha yake palikuwa na fundo la kamba ya katani, limekazwa vizuri, kazi ya mkono wa mtoto mwenye akili.

Morris aliacha kubonyeza. Akaiweka pedi juu ya kitambaa cheupe, taratibu. Kwenye skrini, mwewe aliendelea kushuka na kupiga, kushuka na kupiga, bila kukosa hata adui mmoja.

"Steve," Morris akasema. "Tangu lini?"

"Tangu siku ya kwanza, ndugu yangu."

"Hata siku ya stesheni?"

Stephen aliilaza pedi yake mapajani. Mpiganaji wake alikufa, akapepesa, akatoweka kwa heshima.

Kicheko kilianzia nyuma, kikaja mbele kama mvua inavyokuja. Mtu mmoja alisema, "Kumbe kweli ni kuku!" Bwana Valentine alisimama, akakichukua kipaza sauti bila kupewa.

"Wananchi, mimi simcheki kijana huyu. Ninauliza tu. Mnataka kumkabidhi maji yenu mtu ambaye miaka yote hii amekuwa akibonyeza kitu ambacho hakijaunganishwa na chochote?"

Walicheka zaidi. Nilimtazama mwanangu na nikaona yule wa miaka sita aliyelilia kucheza. Nilisimama nimwendee. Lakini Morris hakuwa akimtazama Valentine, wala hakuwa akinitazama mimi. Alikuwa ameinua ile ncha yenye fundo, anaigeuzageuza karibu na macho yake.

"Mwenyekiti," akasema, "rudia hayo maneno ya mwisho."

"Nimesema, kitu ambacho hakijaunganishwa na chochote."

Morris alitoka chini ya hema. Alipita kwenye vigingi, akauokota mtaimbo ambao vijana wa Valentine walitumia kusimamishia hema zao, na sepetu, akaenda moja kwa moja hadi kioski cha maji. Sisi wengine tulimfuata na viti vyetu, kwa sababu tulidhani ni sehemu ya programu.

Alianza kuchimba nyuma ya ukuta, pale bomba linapoingia ardhini.

"Mzuieni!" Valentine akaita. "Hiyo ni mali ya umma! Hiyo ni miundombinu!"

"Acha aangalie," Ndunge akasema. "Kama imeunganishwa, unaogopa nini?"

Hakuchimba sana. Udongo wetu ni mwekundu na mgumu, lakini bomba lenyewe halikuwa na safari ndefu. Lilishuka, likageukia kule liliko bomba kubwa, likaendelea kidogo kama mtu anayetaka kwenda mahali, kisha likaisha. Mdomoni mwake palikuwa na gunzi la mahindi.

Kimya kilichofuata kilikuwa kizito kuliko kile cha kanda zilizopotea. Mimi niliukumbuka mkono wangu mwenyewe, asubuhi baada ya asubuhi, ukiufungua ule mfereji, ukisubiri, ukiufunga vizuri.

"Hicho," Bwana Valentine akasema hatimaye, "ni kizibo cha kitaalamu. Kinazuia vumbi."

"Na siku ya uzinduzi maji yalitoka wapi?" Hanif akauliza.

"Kulikuwa na tangi. Nyuma ya ukuta. Dogo tu. Ni kawaida, kila uzinduzi hufanywa hivyo, waulizeni hata watu wa Wundanyi."

Morris alitoka shimoni akiwa na gunzi mkononi. Tisheti yake ilikuwa nyekundu kwa vumbi, na mwewe hakuonekana tena, wala kuku.

"Sikuimaliza ile gemu," akasema, bila kipaza sauti. "Nimewaambia uongo bila kujua. Kuanzia leo, nikishika kitu, nitatazama kwanza waya unaishia wapi. Sina ahadi nyingine."

Kura yetu hupigwa kwa mlolongo, kila mtu akisimama nyuma ya anayemtaka. Mlolongo wa Morris ulikuwa mrefu, ukapinda hadi kwenye sufuria za pilau. Bwana Valentine alilalamika kwamba nusu ya watu hao walikuwa wakisubiri chakula, na kwa haki kabisa ilionekana kwamba wengine walikuwa na sahani. Ikaamuliwa tule kwanza, kisha tusimame tena. Baada ya kula wengi walikwenda zao, kama ilivyo desturi, lakini waliobaki walimpa Morris ushindi. Nyuma ya Valentine walisimama vijana wake wa hema na mzee mmoja aliyesema kwamba yeye humheshimu mtu mwenye hema, maana kifo hakipigi hodi.

Morris alimkuta Stephen kando ya jenereta akikunja waya. Nilidhani watapigana.

"Ulifunga vizuri," Morris akamwambia.

"Ulikuwa ukivuta sana. Ulitaka kumwokoa mpiganaji wangu kila mara."

"Nilidhani ananitegemea."

"Alikutegemea," Stephen akasema. "Nisingeingia chumba kile bila wewe. Mama mdogo angenichapa." Wakacheka, kisha Morris akafuta macho kwa ile tisheti, akajipaka udongo uso mzima.

Ninapoandika haya maji hayajafika. Sitaki kumdanganya msomaji. Lakini kila Jumamosi Wazee wa Pedi huchimba mtaro kutoka kioski kuelekea bomba kubwa, wakilalamika juu ya migongo yao, na kila wanapovuka mwamba husema wamemaliza hatua moja. Yule wa kitambi amepungua. Pedi yenye fundo la katani imetundikwa kwenye msumari ndani ya kioski, na chini yake liko gunzi. Nasi akina mama, mkutano wowote ukiitishwa na mtu yeyote akatuahidi chochote, mmoja wetu huuliza kwa adabu, "Samahani, tumeshatazama nyuma ya televisheni?" Ungeona jinsi watu wakubwa wanavyokohoa.

Wewe uliyesoma hadi hapa, usiiweke hadithi hii kabatini. Mpe jirani yako, hasa kama anashika kitu chenye vitufe, au usukani wa jambo lolote la watu. Naye akiisha kuisoma ampe mwenzake, huyo naye mwenzake, mpaka imfikie yule ambaye mfereji wake uko tayari na utepe wake umeshanunuliwa.